Taa Zikishawashwa: Matamasha ya Filamu za Wapenzi wa Jinsia Moja, kutoka San Francisco hadi Nairobi

Katikati ya jiji la Nairobi, barabara ya Monrovia inapokutana na ya Loita, kuna jengo la Maendeleo House. Kwa miaka mingi taasisi ya utamaduni ya Ujerumani, Goethe-Institut, imekuwa na ukumbi hapo, na wapenzi wa muziki, vitabu na filamu wanaujua. Ni katika taasisi hiyo ambapo mwaka 2011 lilifunguliwa tamasha la filamu ambalo eneo hili halikuwa limelizoea: filamu zinazohusu mashoga, wasagaji na watu waliobadili jinsia, zikionyeshwa waziwazi, kwa jina lake. Liliitwa Out Film Festival, na mara likafupishwa kuwa OFF. Aliyelisimamisha ni mwanahabari Kevin Mwachiro, kwa kushirikiana na shirika la Gay Kenya Trust na wenye ukumbi.

Mwaka huo ulikuwa umeanza vibaya. Tarehe 26 Januari, nchini Uganda, David Kato aliuawa nyumbani kwake. Kato alikuwa mwalimu na mtetezi wa haki za wapenzi wa jinsia moja. Miezi michache kabla ya hapo, gazeti moja la Kampala lilikuwa limechapisha picha yake ukurasa wa mbele pamoja na wito wa watu kama yeye kunyongwa. Kenya nako, vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vilivyorithiwa kutoka kwa serikali ya kikoloni ya Waingereza, vilikuwa vinawatisha wapenzi wa jinsia moja kwa kifungo cha hadi miaka 14. Kuingia ukumbini jioni ile, ukaketi kati ya watu usiowajua, kulihitaji moyo.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini ahangaike? Filamu huweza kutazamwa chumbani, pazia limefungwa, sauti imepunguzwa. Historia ya matamasha haya inatoa jibu lake yenyewe, kwani tangu mwanzo filamu imekuwa nusu tu ya shughuli. Nusu ya pili huanza taa zikishawashwa, pale mtu wa safu ya nyuma anaponyoosha mkono na kuuliza jambo ambalo hajawahi kuliuliza mbele ya watu. Anayeijua nusu hiyo ya pili ndiye anayeelewa kwa nini serikali nyingi zimehangaika kuyafunga matamasha haya, na kwa nini waandaaji wamehangaika zaidi kuyafungua tena.

Kisa kinaanzia San Francisco, Marekani, Februari 1977. Wakati huo kampuni ya Kodak ilikuwa imeshaeneza ukanda wa Super-8, uliotengenezwa kwa ajili ya familia zinazotaka kurekodi harusi na siku za kuzaliwa za watoto. Kipande kimoja kilichukua dakika tatu na kidogo, kisha unabadilisha. Vijana wa mtaa wa Castro, ambako mashoga wengi walikuwa wamehamia, walizitumia kamera za ukanda huo kurekodi maisha yao wenyewe: marafiki, mitaa, mizaha, mapenzi. Katika mtaa huo lilikuwapo duka la picha la Castro Camera, mali ya Harvey Milk, yule ambaye Novemba ya mwaka huohuo angechaguliwa diwani na mwaka uliofuata angepigwa risasi afe. Kijana aliyefanya kazi dukani humo, mpiga picha Daniel Nicoletta, pamoja na Marc Huestis na wenzao wachache, waliamua kuonyeshana walichorekodi. Wakatundika shuka ukutani katika kituo cha jamii cha mtaa wa Page, wakawasha projekta, na wakaliita tamasha la mashoga la filamu za Super-8. Watu wakajaa.

Ili kuelewa kwa nini shuka lile lilivuta watu wengi hivyo, inabidi kukumbuka walichokuwa wakikiona kwingineko. Kuanzia mwaka 1934 hadi 1968, Hollywood ilifuata kanuni za maadili ambazo kwa muda mwingi zilipiga marufuku hata kutaja mapenzi ya jinsia moja. Kanuni hizo zilipolegezwa na hatimaye kufutwa, shoga alianza kuonekana kwenye sinema, lakini kwa kawaida alikuwa muuaji, kichekesho, au mtu wa kujiua kabla filamu haijaisha. Vito Russo, mwanaharakati wa New York, alilichunguza jambo hilo kwa subira ya ajabu. Katika miaka ya 1970 alizunguka miji na vyuo akiwa na vipande vya filamu, akivionyesha kimoja baada ya kingine na kuwaeleza watu namna walivyofundishwa kujichukia. Mihadhara hiyo ndiyo iliyozaa kitabu chake cha mwaka 1981, The Celluloid Closet. Hakuna ushahidi bora kuliko huo kwamba elimu ilikuwamo ndani ya jambo hili tangu siku zake za kwanza: mwalimu, projekta, na darasa lililokusanyika gizani.

Tamasha la San Francisco lilikua, likapata jina la Frameline, na mwaka 1981 waandaaji wake wakaanza kusambaza filamu wenyewe. Uamuzi huo haukupigiwa kelele wakati ule, ila matunda yake yalifika mbali. Filamu iliyoonyeshwa usiku mmoja mbele ya mamia ya watu sasa iliweza kununuliwa na maktaba, kukodishwa na chuo kikuu, kutazamwa na wanafunzi ambao hawangefika San Francisco maishani mwao. Mojawapo ilikuwa Tongues Untied ya mwaka 1989, kazi ya Marlon Riggs, mtengenezaji filamu mweusi aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Riggs aliwazungumzia wanaume weusi wanaopenda wanaume, waliokataliwa na wazungu kwa rangi yao na kukataliwa na jamaa zao kwa mapenzi yao. Ilipopangwa kurushwa na televisheni ya umma ya Marekani mwaka 1991, vituo vingi vilikataa. Kufikia hapo ilikuwa imeshashinda tuzo mjini Berlin na kupita katika matamasha kadhaa. Riggs alifariki kwa UKIMWI mwaka 1994, akiwa na miaka 37.

Si kwamba ndani ya kumbi hizo watu walipatana kila siku. Mwaka 1986, katika sinema ya Roxie, wanawake walikuwa wamekuja kutazama filamu za wasagaji. Ikawekwa kazi fupi ya Mkanada Midi Onodera, yenye sehemu tatu, na mojawapo ilionyesha wanaume wawili wakikutana kimwili chooni. Ukumbi ukachafuka. Watu walipiga kelele, wengine wakatoka, wengine wakadai fedha zao. Chanzo cha hasira kilikuwa kikubwa kuliko filamu ile: kwa miaka tisa wanawake walikuwa wamekaa kwenye tamasha lililotawaliwa na kazi za wanaume. Baada ya usiku huo waandaaji hawakuweza tena kulikwepa swali la nani anachagua filamu na nani anaonekana ndani yake. Jamii inayodai haki nje ilijikuta inadaiwa haki ndani, tena hadharani, kwenye viti vyake yenyewe. Hilo ni somo zito kuliko lolote lililokuwa kwenye ratiba.

Ulaya ilifuata mapema. Ljubljana, wakati huo ndani ya Yugoslavia ya kikomunisti, ilianza mwaka 1984, na tamasha lake ndilo kongwe kuliko yote ya aina hiyo barani humo. London na Turin zilianza mwaka 1986. Mwaka 1987 tamasha kubwa la Berlin likaanzisha tuzo ya Teddy kwa filamu za aina hii, na mmoja wa wawili wa kwanza kuipokea alikuwa Pedro Almodóvar wa Hispania. Jina la Teddy litarejea katika habari za Nairobi.

Afrika ilianzia kusini. Mwaka 1994, mwaka uleule ambao Waafrika Kusini weusi walipiga kura kwa mara ya kwanza, lilizinduliwa tamasha la Out in Africa, likionyesha filamu Cape Town na Johannesburg. Wakati wake haukuwa wa bahati nasibu. Katiba ya mpito ilikuwa imekataza ubaguzi kwa misingi ya mwelekeo wa mapenzi, jambo ambalo katiba nyingine za dunia hazikuwa zimelitamka, na katiba ya kudumu ya mwaka 1996 ikalithibitisha. Lakini maandishi ya katiba hayabadilishi maneno yanayosemwa mezani wakati wa chakula cha jioni. Kati ya ibara iliyoandikwa Cape Town na mama anayemfukuza binti yake huko Soweto palikuwa na umbali mkubwa, na filamu zilipewa kazi ya kuupunguza.

Tazama Simon & I, filamu ya makala ya mwaka 2002 iliyoongozwa na Beverley Ditsie na Nicky Newman. Simon ni Simon Nkoli, aliyefungwa na serikali ya makaburu na kushtakiwa kwa uhaini katika kesi ya Delmas. Akiwa gerezani aliwaambia wenzake wa mapambano kwamba yeye ni shoga. Alipotoka alisaidia kuandaa maandamano ya kwanza ya mashoga na wasagaji ya Johannesburg, Oktoba 1990. Ditsie alikuwa msichana wa Soweto aliyetembea naye siku hiyo, na mwaka 1995 alisimama Beijing mbele ya mkutano wa Umoja wa Mataifa wa wanawake kuwasemea wasagaji. Katika filamu anasimulia urafiki wao, pamoja na pale walipotofautiana, kwani Nkoli alianza kuzama katika vita dhidi ya VVU wakati Ditsie akiona wanawake wanasahaulika. Kijana Mwafrika aliyelelewa akiambiwa kwamba mambo haya yaliletwa na wazungu anakutana hapo na watu wawili weusi, wenye lugha zake, waliopigania uhuru wa nchi na uhuru wao kwa pamoja. Kitabu cha shule hakikumpa hilo.

Kwa hiyo OFF lilipoanza Nairobi mwaka 2011, lilikuwa na ndugu wakubwa. Tofauti ilikuwa sheria. Cape Town ilikuwa na katiba nyuma yake, ilhali Nairobi ilikuwa na vifungu 162 na 165 mbele yake, pamoja na Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani inayomtaka kila mtu apate kibali kabla ya kurekodi, na kibali kingine kabla ya kuonyesha. Ukumbi wa taasisi ya kigeni ulitoa nafasi ya kupumua. Mjadala ulikuwa sehemu ya ratiba, na hapo ndipo uzito wa tamasha ulipokuwa. Mwachiro aliendelea na kazi hiyohiyo kwa njia ya kalamu: akazunguka Kenya kukusanya simulizi za wapenzi wa jinsia moja, na zikatoka katika kitabu kiitwacho Invisible kilichochapishwa na Goethe-Institut.

Lakini jamii haiwezi kuishi kwa kutazama filamu za wengine daima. Mwaka 2013 kikundi cha wasanii wa Nairobi, The Nest Collective, kilianza kurekodi sauti za Wakenya wakieleza maisha yao ya mapenzi na hofu. Walichokisikia wakakigeuza kuwa hadithi tano fupi, zilizopigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, zikiongozwa na Jim Chuchu. Filamu ikaitwa Stories of Our Lives. Katika hadithi mojawapo, Athman, wafanyakazi wawili wa shamba ni marafiki wa siku nyingi, na mmoja anamtamani mwenziwe bila tumaini. Hakuna kelele wala hotuba. Ni mashamba ya kijani yaliyogeuzwa kijivu, ukimya wa wanaume wawili waliozoeana, na swali ambalo mmoja hathubutu kulimaliza. Yeyote aliyewahi kumpenda rafiki yake akanyamaza anaielewa.

Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto, Kanada, Septemba 2014. Waliohusika walikuwa wameficha majina yao kwa usalama, lakini huko Toronto watatu kati yao, Chuchu, George Gachara na Njoki Ngumi, waliamua kujitaja. Oktoba, Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya ikaikataa, ikidai kwamba inaendeleza ushoga kinyume cha maadili ya taifa. Gachara akakamatwa kwa kosa la kurekodi bila kibali, na mashtaka yakaondolewa baadaye. Mwezi Februari 2015 filamu hiyo ikapata tuzo ya majaji wa Teddy mjini Berlin. Wajerumani waliiona, Wakanada waliiona. Mkenya, ambaye sauti yake ndiyo iliyoizaa, hakuruhusiwa.

Miaka minne baada ya bodi kuikataa filamu hiyo, jambo hilo likajirudia kwa ukubwa zaidi. Wanuri Kahiu alitengeneza Rafiki, kutokana na hadithi fupi Jambula Tree ya mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, iliyoshinda tuzo ya Caine mwaka 2007. Kena na Ziki ni wasichana wa mtaa mmoja wa Nairobi, baba zao wanagombea kiti kimoja cha siasa, nao wanapendana. Mwezi Aprili 2018 bodi ikaipiga marufuku. Kahiu alieleza kwamba aliombwa abadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi, naye akakataa. Mwezi Mei, Rafiki ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes.

Kisha zikaja siku saba. Kahiu alikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany akasimamisha marufuku kwa wiki moja, kwa watu wazima tu, ili filamu iweze kutimiza sharti la kushindania tuzo za Oscar. Jaji aliona kwamba Kenya haiwezi kuwa jamii dhaifu kiasi cha misingi yake kutikiswa na filamu. Jumapili ya tarehe 23 sinema ya Prestige, barabara ya Ngong, ikajaa. Tiketi zikaisha, maonyesho yakaongezwa, na Mombasa na Kisumu nako ikaonyeshwa. Walikuwapo wapenzi wa jinsia moja, na walikuwapo watu wengine wengi waliotaka tu kuona filamu ya nchi yao iliyosifiwa Ufaransa. Kwa wiki hiyo moja, kilichofanywa na OFF kwa uangalifu ndani ya ukumbi mmoja kilifanyika kwenye sinema ya kawaida, bisi mkononi. Siku saba zilipokwisha, marufuku ikarudi. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaipa bodi haki. Wakati huohuo vifungu vya Kanuni ya Adhabu vilikuwa vimebaki palepale, kwani majaji watatu walikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019.

Mwaka 2021 ikawa zamu ya I Am Samuel, filamu ya makala ya Peter Murimi, aliyemfuata kijana mmoja kwa miaka kadhaa kati ya Nairobi anakoishi na mpenzi wake, na kijijini magharibi mwa Kenya, ambako baba yake ni mchungaji anayesubiri mwanawe alete mke. Nayo ikapigwa marufuku. Inasikitisha zaidi kwa kuwa ni filamu ya wazazi kuliko ya jambo lingine lolote. Waliokuwa na haja nayo ni akina baba kama yule.

Uganda ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 2016, Kamoga Hassan alianzisha tamasha la filamu mjini Kampala, Queer Kampala, ambalo wageni wake walilazimika kualikwa kwa siri. Disemba 2017, likiwa katika mwaka wake wa pili, polisi walivamia na likakatizwa. Kuanzia mwaka 2023 nchi hiyo ina sheria inayoadhibu hata kile inachokiita kuendeleza ushoga, kwa kifungo kinachoweza kufika miaka 20. Chini ya maneno hayo, kukodisha ukumbi na kuwasha projekta kunaweza kuhesabiwa kosa la jinai.

Ubunifu wa waandaaji waliobanwa unastahili kuandikiwa peke yake. Beijing tamasha lilianza mwaka 2001 likawa likifungwa na kuhamishwa kila mara. Mwaka 2014, wageni waliambiwa wakate tiketi za treni moja na waje na kompyuta zao za mkononi. Ndani ya behewa wakagawiwa filamu, na treni ilipoondoka kila mmoja akabonyeza kitufe kwa pamoja. Abiria wengine wakaona watu wanatazama kompyuta. St. Petersburg nako, mwaka 2008, tamasha la Side by Side lilifungiwa milango na wakaguzi wa zimamoto. Likapata kumbi nyingine, likarudi miaka iliyofuata, na mwaka 2013 likaendelea licha ya vitisho vya mabomu vilivyowalazimu watazamaji kutoka nje wakasubiri barabarani ukaguzi uishe, kisha wakarudi kumalizia filamu.

Katika nchi ambako mtaala hautaji mapenzi ya jinsia moja ila kama dhambi au ugonjwa, kijana hana mwalimu wa jambo hili. Mzazi wake pia hana, na hilo husahaulika. Huko Mumbai, India, tamasha la KASHISH lilianza mwaka 2010 na likachagua makusudi sinema za kawaida, zile ambazo familia hukata tiketi za filamu nyingine. Mwanzilishi wake, Sridhar Rangayan, alikuja kutengeneza Evening Shadows, hadithi ya mama wa mji mdogo anayeambiwa na mwanawe ukweli wake. Septemba 2018, wiki mbili hivi kabla Nairobi haijapata siku zake saba, Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba mapenzi ya jinsia moja kati ya watu wazima wanaoridhiana si kosa tena chini ya kifungu cha 377, kilichotungwa na Waingereza haohao waliowaachia Wakenya vifungu vyao. Filamu hazikuleta hukumu hiyo. Mawakili na walalamikaji ndio waliofanya kazi hiyo. Lakini majaji nao walikuwa raia wa nchi ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa imezungumza.

Nairobi inaendelea kuzungumza kwa njia zilizobaki. Zile sauti ambazo The Nest Collective ilizirekodi kabla ya kushika kamera hazikuishia kwenye filamu iliyokataliwa. Nyingi hazikuingia katika hadithi zile tano, kwa kuwa zilikuwa nyingi mno: watu wa miji na vijiji mbalimbali vya Kenya, wakieleza mapenzi yao ya kwanza, shule walizofukuzwa, makanisa waliyoyapenda, ndugu waliowaficha. Zilikusanywa na kuchapishwa kitabuni mwaka 2015, chini ya jina lilelile la filamu, na kitabu hakihitaji kibali cha bodi ya filamu.